Doppla, CT angio ama MRA: mgonjwa wa mishipa umpeleke wapi, na wewe uanze kusomea ipi

Kila wanafunzi wapya wakija eksirei, ama klinikal ofisa mgeni akiletwa huku Malindi, maswali huwa ni hayo hayo mawili. La kwanza, huyu mgonjwa wangu wa mguu nimtume doppla ama nimtume CT, na la pili, mimi mwenyewe nikitaka kujiendeleza kwa mambo ya mishipa nisomee nini. Nimeyajibu kwa korido, kwa simu usiku, kwa foleni ya chai, mpaka nikaona bora niyaandike mara moja yakae. Mimi ni sonografa, nilianza kama radiografa wa kawaida na miaka mingi sasa mkono wangu uko kwa probu, kile kifaa cha ultrasaundi kinachoshikwa mkononi, kwa hivo utaona nakaa sana kwa doppla, lakini nimejitahidi kuwa mkweli kwa zote tatu manake kila moja nimeiona ikiokoa mtu na kila moja nimeiona ikimpotezea mtu wakati.

Kwa wasiojua, zamani kuuona mshipa wa damu ilikuwa lazima uingie ndani yake. Egas Moniz kule Lisbon alipiga picha ya mishipa ya ubongo mwaka 1927, halafu Seldinger wa Sweden mwaka 1953 akaleta ile njia ya sindano, waya na mrija ambayo inatumika hadi leo. Hiyo bado ina kazi yake, hasa pale daktari anataka kuona na kutibu hapo hapo. Lakini kwa kutafuta tu shida iko wapi, siku hizi tuna njia tatu ambazo haziingizi mrija kwa ateri (mshipa unaotoa damu moyoni): doppla ambayo ni ultrasaundi inayosikiliza damu ikitembea, CT angio ambayo ni CT na dawa ya iodini kwa mshipa wa mkono, na MRA ambayo ni MRI ya mishipa, saa zingine na dawa na saa zingine bila dawa kabisa.

Vitu vya kupima kabla hujachagua

Mimi huangalia mambo matano. Swali unalouliza kuhusu huo mshipa ni lipi hasa. Usalama wa huyu mgonjwa aliye mbele yako, figo zake, mimba, vyuma mwilini. Jibu linategemea mkono wa nani na linaweza kudanganya vipi. Umbali na pesa, manake Lamu si Nairobi. Na la mwisho, kama unataka kuisomea, utajifunza wapi na kwa muda gani. Nitazipitisha zote tatu kwa hayo hayo matano.

Swali lenyewe ni lipi

Hapa ndipo watu wengi wanateleza. Fomu inakuja imeandikwa "angio ya mguu" na hakuna kingine, sasa mimi nijue unatafuta nini, bonge la damu, ateri iliyoziba, vali za vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zimechoka, ama mshipa umevimba kama puto? Kila moja ina mashine yake.

Doppla inajibu damu inakwendaje. Mama amejifungua juzi na mguu wa kushoto umevimba, unabonyeza vena na probu, ikilala bapa ni nzima, ikikataa kulala kuna bonge, jibu umelipata kwa dakika chache kitandani kwake. Ateri ya shingo unapima kasi, na vipimo ambavyo idara nyingi za radiolojia duniani hufuata vilikubaliwa Marekani na kuchapishwa mwaka 2003: kasi ya juu ikiwa chini ya sentimita 125 kwa sekunde mbano ni chini ya nusu, kati ya 125 na 230 ni asilimia 50 hadi 69, ikipita 230 ni 70 kwenda juu. Ateri ya mguu unatafuta mahali kasi imeruka mara mbili kuliko juu yake, hapo mshipa umebana nusu ama zaidi. Vena za mguu zilizojikunja unaangalia damu inarudi nyuma muda gani, ikizidi nusu sekunde kwa vena za juu juu ni shida. Na wagonjwa wa dialisisi (nasema fistula ya mkononi, pale vena inaunganishwa na ateri, si ile ya uzazi) daktari wa upasuaji anataka kujua kabla hajakata kama ateri ina milimita 2 na vena ina 2 na nusu, na baadaye kama fistula imekomaa. Hakuna CT inayofanya hiyo kazi vizuri kushinda probu.

Kuna moja zaidi ambayo kwa pwani yetu naiona kubwa kuliko zote na haizungumzwi vya kutosha, nayo ni doppla ya kichwa kwa watoto wenye selimundu. Huku selimundu ni ya kawaida, hakuna mtaa usioijua. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba mtoto ambaye damu yake kwa ateri kubwa za ubongo inakimbia sentimita 200 kwa sekunde ama zaidi yuko hatarini sana kupata kiharusi, na akiwekewa damu kwa mpango hatari ile inashuka karibu asilimia 90. Hebu fikiria hiyo. Mtoto wa miaka 5 amekaa anatazama katuni kwa simu ya mamake, probu ya megahezi 2 iko kwa kipaji pembeni, hakuna sindano wala mionzi, na unaweza kujua kabla mkono haujalegea. CT haiwezi kukupa hiyo kasi. MRA inaweza kuonyesha mshipa uliokwisha kubana lakini mtoto mdogo kulala tuli ndani ya lile bomba ni kazi, mara nyingi adungwe usingizi.

CT angio inajibu bomba likoje kutoka juu mpaka chini na majirani zake wakoje. Mzee ameshikwa na maumivu ya kifua yanayopasua kwenda mgongoni, unahofia ukuta wa mshipa mkuu umechanika, hapo usipoteze dakika na probu, hiyo ni CT. Naweza kuona ule ukuta ukipepea kwa ultrasaundi, ni kweli, lakini nisipouona sijakwambia kwamba haupo. Bonge la damu kwa mapafu ni CT. Ajali ya bodaboda, mguu umevunjika na chini ya goti hakuna mapigo, ni CT kama ipo karibu na mgonjwa ametulia. Aneurizimu ya tumbo, ule mshipa mkuu uliovimba kama puto, kuitafuta na kuipima kila mwaka probu inatosha kabisa (sentimita 3 ndio mwanzo wa kuiita hivo, na kwa wanaume 5.5 ndio pale upasuaji unazungumzwa) lakini siku ya kupanga kuitengeneza daktari atataka CT.

MRA inajibu kama CT lakini bila mionzi, na ina kitu CT haina: chokaa haiisumbui. Mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, mishipa ya chini ya goti imejaa chokaa, kwa CT ile chokaa inang'aa na kutanuka mpaka huoni kama katikati kuna njia ama hakuna. Kwa MRA njia inaonekana. Pia mama aliyejifungua ana kichwa kinachomuua na macho yanaona mawili, unashuku damu imeganda kwa vena za ubongo, MRI na picha ya vena bila dawa yoyote ni chaguo zuri sana, ingawa CT ya vena nayo inafanya kazi na mara nyingi ndiyo iliyo karibu.

Na kabla hatujaendelea, mkanda wa presha. Naomba muupe heshima yake. Presha ya kifundo cha mguu gawanya na ya mkono, ukitumia doppla ndogo ya kalamu: 0.90 ama chini mguu haupati damu ya kutosha, 1.00 hadi 1.40 ni sawa, ikipita 1.40 usifurahi, ni ateri imekuwa ngumu kwa chokaa na mkanda haubani, hapo pima presha ya kidole gumba cha mguu. Si picha lakini inaamua nani anahitaji picha. Vidonda vingi vya miguu huku vinafungwa bandeji miezi na hakuna aliyewahi kupima hicho kitu, na mtu anaishia kukatwa mguu. Inaniuma kila mara.

Usalama

Doppla hapa haina mpinzani, hakuna mionzi hakuna dawa, mjamzito sawa, figo mbovu sawa, unaweza kurudia kesho na keshokutwa.

CT ina mionzi, ya kifua peke yake inaweza kuwa mara makumi ya eksirei ya kawaida, kwa mzee anayekaribia kufa kwa mshipa kuchanika hiyo si hoja, kwa msichana wa miaka 20 unayeshuku kitu kidogo ni hoja. Halafu iodini na figo. Angalia kreatini (kipimo cha damu cha figo), eGFR (namba ya uwezo wa figo kuchuja) ikiwa chini ya 30 hapo ndipo uzungumze na radiolojisti kwanza, na anayemeza metfomini ya kisukari na figo zake ziko chini hivo huiacha saa 48 baada ya dawa mpaka figo zipimwe tena. Lakini mambo mawili ya kuondoa vichwani. La kwanza, huku kwetu mtu akisema akila kamba au kaa anavimba mdomo watu wanamnyima CT, ati kwa sababu ya iodini. Si kweli jamani. Mzio wa kamba ni protini ya yule mnyama mwenyewe, iodini haihusiki, na hatari yake kwa dawa ya CT haizidi ya mtu mwenye mzio mwingine wowote. Kinachotisha ni mtu aliyewahi kuvimba ama kushindwa kupumua kwa dawa hiyo hiyo ya picha. La pili, mama anayenyonyesha anaambiwa amwage maziwa siku nzima. Dawa inayofika kwa maziwa ni kidogo mno, chama cha maradiolojisti wa Marekani kinasema anaweza kuendelea kunyonyesha. Nimeona watoto wachanga wakilia usiku mzima kwa jambo ambalo halikuwa na haja.

MRA haina mionzi lakini sumaku haisamehi. Pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo), klipu za zamani za ubongo, kipande cha chuma jichoni kwa fundi wa kuchomelea, uliza yote na uulize tena. Dawa yake ni gadolini, na mwaka 2006 ndipo ilianza kujulikana kwamba baadhi ya aina zake za zamani kwa watu wa figo zilizokufa zinafanya ngozi na viungo kuwa migumu, ugonjwa mbaya sana. Aina mpya hatari ni ndogo mno. Kwa mjamzito gadolini huepukwa, lakini si lazima uitumie, mishipa ya ubongo inaonekana bila dawa.

Jibu liko mkononi mwa nani

Ultrasaundi ni mkono, nalisema hili kama mtu aliyeumia nalo. Miaka yangu ya mwanzo nilimpima babu mmoja shingo, nikapata kasi kubwa ya kutisha nikaandika mbano mkali. Familia ikachanga nauli na pesa za CT, wakaenda Mombasa, huko ikaonekana uchafu kidogo tu ukutani mwa ateri. Nilirudi kwa picha zangu nikaona pembe yangu, kati ya mwale wa probu na mwendo wa damu, ilikuwa imepita digrii 60. Ukiwa kwa digrii 60 ukikosea 5 tu hesabu inapotoka kati ya asilimia 13 na 18, na ukipita hapo inapaa haraka. Mashine haikusema kitu, ilinipa namba safi kabisa. Tangu siku hiyo picha isiyo na pembe iliyoandikwa siikubali, yangu wala ya mwanafunzi. Mbali na pembe, doppla inashindwa na tumbo lililojaa gesi, mguu uliovimba sana, na vena za ndani ya nyonga.

CT haitegemei sana mkono lakini inategemea saa. Dawa inaingia mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, kwa hivo kanyula (sindano ya plastiki inayobaki mshipani) ya kijani ama ya pinki kwa kiwiko na si ile ndogo ya bluu kwa kiganja, na ukipiga mapema ateri haijajaa, ukichelewa vena zimejaa na zote zinachanganyika. Mtu wa moyo dhaifu dawa inachelewa kufika. Halafu kuna zile picha nzuri za rangi zinazozunguka, wagonjwa wanazipenda na madaktari pia, lakini usitoe jibu kwa hizo, rudi kwa zile picha za kawaida za vipande vya mwili, kimoja kimoja, manake chokaa ikikaa mbele ya njia kwa ile picha ya kuzunguka inaficha kila kitu.

MRA ina uongo wake wa kipekee. Ile isiyo na dawa inapenda damu inayokimbia kukata kipande moja kwa moja, damu ikienda polepole ama mshipa ukijikunja sambamba na kipande, inapotea na wewe unafikiri mshipa umebana. Inazidisha mbano. Na bonge la damu la siku kadhaa linaweza kung'aa lenyewe likafanana na damu inayotembea, hapo mtu amekosa ugonjwa kabisa. Stenti, ule mrija wa waya unaowekwa kufungua mshipa, nayo inaacha shimo jeusi, si lazima iwe imeziba.

Umbali na pesa

Sitaandika bei manake zinabadilika na kila mahali pana yake, ila mpangilio haubadiliki sana: doppla ndiyo nafuu, CT angio inafuata, MRA ndiyo ya juu. Na tangu bima ya afya ya SHA ishike nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza kabla mgonjwa hajaondoka nyumbani picha hiyo imeidhinishwa ama la, usimwache afike dirishani ndiyo ajue.

Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo. Sasa chukua mtu wa Faza ama Kizingitini. Boti hadi Lamu ama moja kwa moja Mokowe, na kusi ikivuma bahari si ya mgonjwa, halafu gari Witu, Garsen, Malindi, na safari bado. Nauli yake na ya anayemsindikiza, kulala, chakula. Kwake yeye swali la doppla ama CT si la kitabu. Kama kuna mtu kisiwani mwenye mkono mzuri wa kubonyeza vena, mama yule wa mguu uliovimba anaanzishiwa dawa jioni hiyo hiyo badala ya kukaa kwa gari na bonge ambalo linaweza kupanda mapafuni. Hata mtu unayemshuku bonge la mapafu na CT haiko karibu, ukipata bonge mguuni umepata sababu ya kumtibu. Ultrasaundi ndogo ina betri pia, umeme ukikatika inaendelea, jambo ambalo CT na MRI haziwezi.

Na ukimtuma mtu mbali, mtume na kreatini ya karibuni, na kanyula nzuri ikiwezekana, na swali lililoandikwa kikamilifu. Kurudishwa kwa sababu ya karatasi moja ni unyama.

Kuisomea

Kwa doppla njia ya kawaida hapa Kenya ni diploma ya picha za tiba kisha diploma ya juu ya ultrasaundi pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Lakini tuambiane ukweli, kozi yoyote ya ultrasaundi inakula muda mwingi kwa mimba na tumbo, mishipa utaguswa tu, iliyobaki ni wewe. Kule Marekani kuna mtihani wa mafundi wa mishipa unaoitwa RVT, na madaktari wana wao wa RPVI ambao huwezi kuukalia kabla hujasoma vipimo 500 vya mishipa. Mia tano. Naitaja hiyo namba si kutisha, ila ujue uzoefu unahesabiwa kwa mamia na si kwa wiki mbili za semina. Pia ukumbuke doppla ya mishipa yenyewe ilijengwa na watu waliokuwa wanalinganisha, akina Eugene Strandness pale Seattle, waliweka doppla na angio ya mrija ubavu kwa ubavu mgonjwa kwa mgonjwa mpaka namba zikakubaliana. Nawe fanya hivo. Daftari moja: umeona nini kwa doppla, CT ilisema nini aliporudi. Hilo daftari limenifundisha kuliko kozi zote.

Wanaoanza kwangu mwezi wa kwanza hawagusi mgonjwa wa mishipa, wanapimana wao kwa wao, shingo, mkono, nyuma ya goti, mpaka wajue wimbi la ateri nzima ya mguu linavyopanda, linarudi chini kidogo, halafu linapanda tena. Funga mwenzako mkanda wa presha kwa paja, fungua, tazama wimbi linavyobadilika. Sikiliza pia, sikio linajua kabla ya jicho. Halafu kila kipimo kiwe na mpangilio ulioandikwa, picha gani zichukuliwe na kwa mfuatano gani, ili mtu akisoma kesho aone ulichokiona. Doppla ya kichwa kwa watoto wa selimundu ni somo lake peke yake, usijaribu kwa kubahatisha, manake kosa lako ni kiharusi cha mtoto ama kuwekewa damu bure.

CT angio radiografa anaijifunza haraka zaidi, miezi michache ya orodha yenye kazi nyingi inakutengeneza, mradi kuna anayekueleza kwa nini dawa imechelewa leo. Jambo kubwa ni muda, pampu ya dawa, na kutengeneza picha baada ya kupiga. Kuisoma na kutoa jibu ni kazi ya radiolojisti, hiyo ni miaka ya MMed (shahada ya udaktari bingwa), Chuo Kikuu cha Nairobi ama Aga Khan. Klinikal ofisa asijione nje ya hapa lakini, kujua kuangalia picha ya CT ya mgonjwa wako na kuuliza maswali ni elimu, na kuna kesi nyingi za bure kwa intaneti.

MRA ni fizikia nyingi na mashine chache, utalazimika kuomba kukaa mahali penye MRI, Mombasa ama Nairobi, na ukirudi kituo kisicho na sumaku ujuzi unachacha. Lakini anayeijua ni adimu na anatafutwa.

Sasa kwa hali yako

Wewe ni klinikal ofisa ama muuguzi wa zahanati ya mbali, Pate, Kiunga, Witu, anza na mkanda wa presha na doppla ya kalamu, halafu ujifunze kubonyeza vena sehemu mbili, kinenani na nyuma ya goti. Vena za huko juu zikiwa safi na bado unashuku, rudia baada ya wiki.

Radiografa mchanga uliye na CT ndani ya jengo lako, anza hapo hapo na CT, jifunze kanyula, saa, figo, halafu probu ije taratibu. Ambaye hospitali yake ina ultrasaundi tu usisubiri CT iletwe, doppla ndiyo yako na usiione ndogo. Aliyevutiwa na ubongo na watoto, na yuko tayari kuhama nyumbani kwa muda, MRA itamfaa, na doppla ya kichwa iende pamoja.

Mgonjwa mwenye kidonda cha kisukari: mkanda na kidole gumba kwanza, doppla ya pili, na kama upasuaji unawezekana picha kamili, CT ikiwa figo ziko sawa na chokaa si nyingi, MRA ikiwa chokaa ndiyo shida. Aliyepata kiharusi kidogo kikapita: doppla ya shingo haraka, lakini ikiwa safi usifunge faili, kwa watu weusi mbano mara nyingi uko ndani ya kichwa, kwa hivo CT ama MRA ya mishipa ya ubongo ifuate. Mgonjwa wa kiharusi cha sasa hivi usimlete kwangu kabisa, dawa ya kuyeyusha bonge ina saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze, mkimbize penye CT. Maumivu ya kifua yanayopasua, hivyo hivyo.

Mtoto wa selimundu mwenye miaka 2 hadi 16, hata kama anacheza na hana tatizo lolote, muulize mamake kliniki ni lini na kichwa kimewahi kupimwa doppla ama bado. Kama bado, andika fomu leo.